Kwa nini picha za eksirei zinafaa kufanana wakati wa kutibu mzizi wa jino

Jino linapouma usiku kucha, mkazi wa Gakindu katika eneo la Mukurweini huwa na njia mbili asubuhi inapofika. Anaweza kutafuta pahali pa karibu akang'olewe, maumivu yaishe siku hiyo hiyo. Au anaweza kupanda matatu hadi mjini Nyeri, Karatina au Othaya kumwona daktari wa meno, atibiwe mzizi ili jino libaki kinywani.

Njia ya pili huchukua muda mrefu na hugharimu fedha nyingi zaidi. Mkulima wa kahawa au mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayeamua kuifuata hutarajia kwamba jino hilo litamtumikia kwa miaka mingi. Matarajio hayo hutegemea, miongoni mwa mambo mengine, picha ndogo za eksirei ambazo upana wake haupiti vidole viwili. Daktari hawezi kuona ndani ya mzizi kwa macho. Hutegemea picha hizo kujua aanzie wapi, akome wapi, na iwapo ugonjwa umepona au ungali unaendelea.

Tatizo ni kuwa picha mbili za jino moja, zilizopigwa siku mbili tofauti, zaweza kutofautiana mno hata zikaonekana kama za meno mawili. Zikiwa hivyo, daktari anaweza kudanganyika.

Mzizi wa jino hutibiwa vipi

Chini ya tabaka gumu la nje la jino kuna tabaka la dentini, na ndani kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho huteremka hadi kwenye ncha ya mzizi kupitia mfereji mwembamba. Meno ya mbele kwa kawaida huwa na mfereji mmoja, lakini magego huwa na mitatu au minne.

Uozo ukifika kwenye kiini, vijidudu hukishambulia na hatimaye kukiua. Usaha unaweza kujikusanya kwenye mfupa ulio katika ncha ya mzizi na kuwa jipu. Katika matibabu, daktari hutoboa jino, huondoa kiini kilichooza, husafisha mifereji kwa tupa nyembamba za chuma, na huiosha kwa dawa ya hipokloriti ya sodiamu, ambayo ni jamii moja na dawa ya kung'arishia nguo inayojulikana na wengi kama jiki. Baada ya hapo mifereji huzibwa kwa gutapecha, utomvu mgumu utokanao na mti, na jino hujengwa upya au kufunikwa.

Kazi hiyo huhitaji picha kadhaa. Ya kwanza hupigwa kabla ya matibabu ili ugonjwa utambuliwe. Ya pili hupigwa tupa ikiwa ndani ya mfereji, ili urefu wa mzizi upimwe. Nyingine huonyesha kama gutapecha imefika panapostahili, na nyingine hupigwa kazi inapokamilika. Hatimaye kuna picha ya kufuatilia, ambayo miongozo ya Ulaya hupendekeza ipigwe angalau baada ya mwaka mmoja. Thamani ya picha hizi imo katika kulinganishwa. Kila moja husomwa ikiwa kando ya iliyoitangulia.

Picha ni kivuli

Picha ya eksirei si sura halisi ya jino bali ni kivuli chake. Mionzi hutoka kwenye mashine, hupenya shavu na jino, na kuifikia filamu au kitambuzi kilichowekwa ndani ya kinywa. Mahali penye kitu kigumu huonekana peupe, na mahali palipo laini au penye uwazi huonekana peusi.

Kila mkulima anajua tabia ya kivuli. Mgrevilea uliopandwa kando ya shamba huwa na kivuli kirefu asubuhi na kifupi adhuhuri, ingawa mti wenyewe haujabadilika. Jino nalo ni hivyo. Mashine ikiinamishwa mno, mzizi huonekana mfupi kuliko ulivyo. Isipoinamishwa vya kutosha, mzizi hurefuka. Ikigeuzwa upande, mizizi hupandana na mifereji miwili huonekana kama mmoja.

Kosa la milimita moja au mbili linaweza kuonekana dogo, lakini katika kazi hii ni kubwa. Madaktari wengi hulenga kukoma kati ya nusu milimita na milimita moja kabla ya ncha ya mzizi inayoonekana pichani, kwa kuwa hapo ndipo mfereji hubanika. Tupa ikipita ncha hiyo, hujeruhi nyama na mfupa na kusukuma uchafu nje ya jino. Katika magego ya chini inaweza kukaribia mshipa wa fahamu wa taya, na katika magego ya juu inaweza kuingia kwenye uwazi ulio ndani ya mfupa wa taya la juu. Ikikoma mapema mno, vijidudu hubaki chini na ugonjwa hurejea.

Daktari anaweza kusahihisha sehemu ya kosa hilo kwa hesabu. Tuseme tupa iliyoingizwa milimita 20 inaonekana pichani kuwa na urefu wa milimita 22, na jino linaonekana kuwa na milimita 24.2. Urefu halisi hupatikana kwa kuzidisha 20 kwa 24.2, kisha kugawanya kwa 22. Jibu ni milimita 22. Hata hivyo, hesabu hii ni ya kuaminika tu iwapo tupa na jino vimerefushwa kwa kiwango kimoja. Mzizi ukiwa umepinda, au filamu ikiwa imekunjika kinywani, hesabu nayo hupotoka.

Historia ya zaidi ya karne

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ya eksirei nchini Ujerumani mnamo Novemba 8, 1895. Wiki chache baadaye, Januari 1896, daktari wa meno Mjerumani Otto Walkhoff alijipiga picha ya meno yake mwenyewe. Alilazimika kutulia mbele ya mionzi kwa dakika 25. Siku hizi kazi hiyo humalizika kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Huko New Orleans, Marekani, daktari C. Edmund Kells alitumia eksirei mwaka 1899 kupima urefu wa mfereji wa mzizi, na ndiyo sababu hutajwa kama mwanzilishi wa matumizi haya. Kells alikuwa na mazoea ya kuweka mkono wake mbele ya mionzi ili kuirekebisha mashine. Miaka ilivyopita alipata saratani, akakatwa vidole na hatimaye mkono, na akafariki mwaka 1928. Kisa chake ni onyo kwamba kurudia picha ovyo si jambo la kuchezewa.

Mwaka 1907 Antoni Cieszyński, daktari kutoka Poland, alieleza kanuni ya kuelekeza mionzi ili urefu wa jino pichani ulingane na urefu wake halisi. Mwaka 1947 Gordon Fitzgerald wa Marekani alieneza njia ya kuweka filamu sambamba na jino. Picha za kidijitali kwa meno zilianza kuingia sokoni mwaka 1987 kutokana na uvumbuzi wa Mfaransa Francis Mouyen.

Njia mbili za kupiga picha

Kanuni ya Cieszyński ndiyo msingi wa njia ya kugawa pembe. Filamu hugusa jino huku ikiwa imelala kidogo, na mpigaji hukadiria mstari unaogawa nusu kwa nusu pembe iliyo kati ya jino na filamu. Mionzi hulengwa kwenye mstari huo. Mara nyingi mgonjwa huambiwa aishikilie filamu kwa kidole. Njia hii haihitaji vifaa vingi, lakini hutegemea makadirio ya jicho. Wapigaji wawili watakadiria tofauti, na hata mpigaji mmoja hukadiria tofauti Jumatatu na Ijumaa. Isitoshe, kidole cha mgonjwa hupigwa mionzi bila sababu.

Njia ya usambamba hutumia kishikilio. Mgonjwa huuma kibao kidogo kilichoishika filamu, na ufito unaotokeza nje ya kinywa hubeba pete ya kuelekezea bomba la mashine. Filamu, jino na bomba hukaa katika mpangilio mmoja kila mara. Ndiyo njia inayopendekezwa, kwa sababu inaweza kurudiwa bila kubahatisha.

Wakati wa kutibu mzizi kuna kikwazo cha ziada. Jino limezungushiwa kitambaa cha mpira cha kuzuia mate, na vichwa vya tupa vimechomoza juu yake, hivyo mgonjwa hawezi kuuma kibao cha kawaida. Hapo ndipo baadhi ya wapigaji hurejea kwenye kidole na makadirio, wakati hasa ambapo usahihi unahitajika zaidi. Suluhisho ni kishikilio maalumu chenye kikapu kinachoacha nafasi ya vichwa vya tupa. Kitambaa cha mpira hakifai kuondolewa kwa ajili ya picha, kwa kuwa mate yenye vijidudu yataingia katika mfereji, na tupa inaweza kuteleza na kumezwa.

Mambo ya kushikilia bila kubadilisha

Ili picha zifanane, mambo kadhaa yanafaa kubaki yalivyo tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho.

La kwanza ni kishikilio. Kliniki inafaa kutumia aina ile ile kwa mgonjwa yule yule. Pale ambapo ulinganishaji wa karibu unahitajika, kibao cha kuuma hupakwa plastiki laini inayoganda na kuhifadhi alama za meno. Mgonjwa anaporudi baada ya mwaka, meno yake hutumbukia kwenye alama zile zile na filamu hukaa pale pale.

La pili ni umbali. Nguvu ya mionzi hupungua haraka kadiri mashine inavyosogezwa mbali. Umbali ukiongezwa maradufu, nguvu hushuka hadi robo. Bomba lililoachwa sentimita chache mbali na pete leo, kisha likagusishwa kesho, litaleta picha mbili zenye weusi tofauti.

La tatu ni vipimo vya mashine. Mashine nyingi za meno hutumia kilovolti 60 hadi 70. Kiwango hicho, pamoja na muda wa mionzi, kinafaa kuandikwa katika faili ya mgonjwa. Umeme unaopanda na kushuka ni tatizo kwa mashine za zamani, na kifaa cha kuusawazisha husaidia.

La nne ni usafishaji wa picha, na hapa miji iliyo kando ya Mlima Kenya ina tatizo lake. Kliniki zinazotumia filamu huzitumbukiza katika kemikali ambazo hutegemea joto. Kwa filamu nyingi zinazosafishwa kwa mikono, kipimo cha kawaida ni dakika 5 katika nyuzi 20 za selisiasi. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai halijoto huweza kushuka chini ya nyuzi 15. Kemikali iliyolala katika chumba baridi hufanya kazi polepole, na filamu hutoka ikiwa imefifia.

Mpigaji asiyetambua chanzo cha hali hiyo huongeza mionzi, na mgonjwa ndiye anayebeba mzigo. Dawa ya kosa hilo ni rahisi: kipimajoto ndani ya chombo, beseni la maji ya uvuguvugu la kukizunguka, na saa ya kuhesabu dakika. Aidha, kemikali huchakaa na inafaa kubadilishwa kwa ratiba.

Kliniki inaweza pia kuweka picha moja nzuri kama kipimo, kisha kila asubuhi ikapiga kipande cha alumini chenye ngazi na kulinganisha. Weusi ukipotoka, tatizo hutafutwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuketi.

Mitambo ya kidijitali imeondoa kemikali lakini haijaondoa uzembe. Vibamba vya fosfori huchubuka, na vikiachwa kwenye mwanga kabla ya kusomwa, picha hufifia. Vitambuzi vya waya ni vinene na huteleza kinywani. Vilevile ni rahisi kubadilisha mwanga wa picha kwenye kompyuta hadi doa jeusi litoweke au litokee. Picha zinazolinganishwa hazifai kurekebishwa kila moja kivyake, na nakala ya awali inafaa kuhifadhiwa bila kuguswa.

Pembe inapobadilishwa kwa makusudi

Kufanana hakumaanishi kwamba kila picha lazima ipigwe kutoka upande mmoja. Gego kubwa la kwanza la juu mara nyingi huwa na mfereji wa nne uliojificha nyuma ya mwenzake. Picha iliyopigwa moja kwa moja haiuonyeshi. Daktari husogeza bomba upande kwa takriban nyuzi 20 na kupiga tena, na mifereji hutengana.

Kanuni ya kusoma picha hizo imejulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kitu kinachosogea pichani kuelekea upande ulikohamia mashine kiko upande wa ulimi au kaakaa. Kinachosogea kinyume kiko upande wa shavu. Lakini kanuni hiyo haina maana iwapo hakuna aliyeandika mashine ilisogezwa upande gani.

Kupona au kutopona

Swali zito zaidi huja mwaka mmoja baadaye. Doa jeusi lililokuwa katika ncha ya mzizi limepungua, limebaki vile vile, au limekua? Likipungua, jino limeokoka. Likikua, huenda mgonjwa akahitaji kutibiwa upya, kupasuliwa au kung'olewa jino.

Mfupa haubadiliki upesi. Inakadiriwa kwamba lazima upoteze kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla ya upungufu huo kuonekana wazi katika picha ya kawaida, na kupona kabisa kunaweza kuchukua hadi miaka minne. Mabadiliko ni madogo, hivyo tofauti ya pembe au ya weusi inaweza kuyameza. Picha iliyofifia inaweza kuficha doa, na daktari akamruhusu mgonjwa aende nyumbani na ugonjwa. Picha iliyopigwa kwa pembe nyingine inaweza kulikuza doa linalopona, na jino zima likang'olewa bure.

Ili kupunguza hitilafu za kusoma picha, Dag Ørstavik na wenzake walichapisha mwaka 1986 kipimo chenye alama 1 hadi 5, ambapo 1 ni mfupa wenye afya na 5 ni ugonjwa mkali. Kipimo hicho hutumiwa na watafiti hadi leo, lakini nacho hakifai kitu picha zenyewe zisipofanana.

Kwa mkazi wa Gakindu kuna jambo la ziada. Huenda akatibiwa Nyeri, akakaguliwa Karatina, kisha akapata kazi Nairobi jino likamsumbua huko. Asipobeba picha zake, daktari mpya huanza upya.

Mionzi na sheria

Picha moja ndogo ya jino, ikipigwa kwa kifaa cha kisasa, humpa mgonjwa mikrosiveti chache tu. Kwa kulinganisha, binadamu hupokea wastani wa takriban mikrosiveti 2,400 kila mwaka kutoka ardhini, angani na katika vyakula. Hatari ya picha moja ni ndogo sana. Hata hivyo, kanuni inayokubalika duniani ni kwamba hakuna picha inayofaa kupigwa bila sababu, na picha iliyoharibika kwa uzembe ni mionzi isiyo na faida. Bomba lenye mdomo wa mstatili, unaolingana na umbo la filamu, hupunguza dozi kwa zaidi ya nusu likilinganishwa na lile la mviringo.

Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza kuachwa kwa aproni za risasi katika picha za meno, kikisema kwamba kulenga mionzi ipasavyo ndiko kinga iliyo bora. Mjamzito bado anashauriwa kumfahamisha daktari hali yake mapema.

Nchini Kenya, matumizi ya mionzi yalisimamiwa kwa sheria ya mwaka 1982 iliyounda Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Sheria ya mwaka 2019 ilikabidhi jukumu hilo Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya. Madaktari wa meno nao husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Kipo pia kifaa kinachopunguza idadi ya picha. Utafiti wa Sunada wa Japani, uliochapishwa mwaka 1962, ulionyesha kwamba urefu wa mfereji unaweza kupimwa kwa umeme hafifu unaopita kati ya tupa na mdomo wa mgonjwa. Vifaa vya kisasa vya aina hiyo ni sahihi sana, lakini havionyeshi umbo la mzizi wala hali ya mfupa. Kwa hiyo husaidiana na eksirei badala ya kuchukua nafasi yake.

Mgonjwa afanye nini

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Atulie picha inapopigwa, kwani kutikisika kidogo hufuta ncha ya mzizi. Akihisi kutapika, apumue kupitia puani na amwambie mpigaji, badala ya kuisukuma filamu kwa ulimi. Iwapo picha inarudiwa, ana haki ya kuuliza sababu.

Matibabu yakiisha, aombe nakala ya picha ya kwanza na ya mwisho, ziwe na tarehe na jina la jino. Za filamu zihifadhiwe katika bahasha kavu mbali na moshi na jua, na za kidijitali zitumwe kwenye simu au barua pepe jinsi zilivyo, si kwa kupigwa picha tena kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Arudi baada ya mwaka hata kama hahisi maumivu, kwa kuwa jipu katika ncha ya mzizi linaweza kukua kimya kimya.

Nauli ya kutoka Gakindu hadi mjini kwa ajili ya ukaguzi wa dakika chache inaweza kuonekana hasara. Lakini jino likishang'olewa halirudi, na picha mbili zinazofanana, zikiwekwa kando kwa kando, ndizo zitakazoonyesha kama kuna haja ya kuling'oa.